Baba Anasikiliza Mto

Binti yetu alikuwa na miaka minne alipoanza kwenda chekechea na dumu tupu la mafuta ya kula mgongoni. Lilikuwa dumu la njano, la lita tano, limefungwa kwa kipande cha kanga ya mama yake, fundo likiwa kifuani. Kwa mbali ungedhani anacheza mchezo wa kubeba mtoto. Akina mama waliokuwa wakianika kokoa kando ya njia walimsalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile! Mwanao hajambo?" Yeye aliwajibu bila kusimama, "Siyo mtoto. Ni la kuelea."

Aliyemfunga dumu hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa mimi, baba yake.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, mzaliwa wa Singida. Kwetu mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuitazama. Nilipopangiwa kazi Kyela, katika shule iliyo Katumba Songwe, niliwapigia simu ndugu zangu wiki ya kwanza kuwaambia kuwa mvua inanyesha. Wiki ya pili nikawaambia bado inanyesha. Mwezi wa pili walinisihi niwaambie habari nyingine. Nikawaambia nimepata mchumba.

Mke wangu ni Mnyakyusa wa Ikolo, wa ukoo uliolima mpunga na ndizi hapo hapo tangu enzi za mababu. Kwake sauti ya mvua juu ya bati ni dawa ya usingizi. Siku za kwanza za ndoa yetu nilimuuliza kama haoni mvua imezidi. Alitazama nje, akatazama tena, akauliza, "Mvua ipi?"

Nami nikazoea, au nilidhani nimezoea. Darasani nilichora mto kwa chaki ya bluu nikawaeleza wanafunzi jinsi bonde la mto linavyopokea mafuriko na kupata rutuba. Nililifundisha somo hilo vizuri sana. Sikuwa nimefikiria kwamba nyumba niliyopanga ilikuwa katikati ya mchoro wangu.

Siku mto Songwe ulipotoka kwenye kingo zake ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani, tunakula wali na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalipita chini ya mlango taratibu, yakazunguka miguu ya meza, yakachukua kandambili moja na kwenda nayo chumbani. Mke wangu alisema, "Ee Yesu," akanyanyua kwanza sufuria ya wali. Nilimpandisha mtoto mabegani, tukatoka. Nje maji yalikuwa magotini, halafu kiunoni, halafu kifuani kwangu. Majirani walikuwa wakielekea shule ya msingi iliyo juu kidogo, nasi tukawafuata. Mke wangu alitembea mbele yangu na sufuria kichwani, imefunikwa. Tulipofika shuleni, watu wenye njaa walimkimbilia yeye, siyo mimi niliyebeba mtoto.

Hakuna aliyekufa kijijini. Tulipoteza magodoro, kuku wote, na ramani zangu za kufundishia. Maji yalipokauka tukasukuma matope nje, tukapaka chokaa, na kila mtu akasema tumshukuru Mungu. Nilimshukuru kwa sauti kubwa, mbele ya watu. Nikaamini yameisha.

Hayakuisha. Yalihamia kwangu.

Nilianza na kitanda. Niliweka tofali moja chini ya kila mguu, jambo ambalo kila mtu mwenye akili alikuwa amelifanya. Kisha nikaongeza la pili. Mvua kubwa ikinyesha, kesho yake naongeza. Ikafika mahali mke wangu anapanda kulala kwa kutumia stuli ya jikoni. Usiku mmoja alisimama pale chini, mikono kiunoni, akaniuliza kule juu nilikolala, "Hivi mimi nimeolewa, au nimepandishwa darini?"

Nilifunga gunia la mchele kwenye boriti ya paa ili maji yasilifikie. Mjumbe wa mtaa alikuja kutusalimu, akakaa kwenye kiti kilichokuwa chini yake, akainua macho. Alimaliza mazungumzo yote akiwa ameinamisha shingo upande, chai hakuigusa. Nilivaa gambuti kwenda kanisani, hata jua likiwaka. Na mvua ilipoanza, hata ile nyembamba ambayo Wanyakyusa wala hawaihesabu kuwa mvua, nilisimama. Nilikwenda mlangoni, kisha dirishani, kisha mlangoni. Moyo ulinienda mbio, jasho likanitoka kwenye viganja, na kama mtu akiongea nilimnyamazisha.

"Tulieni! Msiongee! Nasikiliza mto."

"Mume wangu," mke wangu aliniambia, "hiyo ni redio ya jirani."

Usingizi ulinipotea. Nikawa mkali kwa vitu vidogo: mlango uliofungwa kwa nguvu, ndoo iliyoachwa njiani. Mke wangu alivumilia akisema kiangazi kikija nitatulia. Lakini kiangazi cha Kyela ni kitu ambacho watu wanakisimulia zaidi ya kukiona.

Siku moja jioni mvua ilinyesha kwa nguvu kuliko kawaida. Nilichukua dumu tupu jikoni, nikamfunga binti yetu mgongoni, nikamwambia, "Maji yakija, hili litakushikilia juu." Nilisema kwa upole kabisa, nikidhani namtuliza. Alinitazama usoni kwa muda mrefu. Mvua ilikatika baada ya dakika chache. Nilipotaka kulifungua dumu, alilia mpaka akapaliwa. Akalala nalo.

Baada ya hapo mambo yake yalianza kuharibika moja baada ya jingine. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani, akarudia. Alikuwa akitembea mwenyewe mpaka dukani, sasa anataka kubebwa hata kwenda chooni. Aligoma kuoga kwenye beseni. Tulimpangusa kwa kitambaa chenye maji kama mgonjwa. Chakula alikidonoa tu. Mtoto aliyekuwa anaongea kama redio alibakiwa na swali moja, "Baba, umeangalia?" Nikimjibu nimeangalia, anakaa kidogo, anauliza tena. Kucheza kwenyewe kukawa mchezo mmoja: anachukua mwanasesere wake, anampandisha juu ya kikombe, anamshusha, anampandisha.

"Mafuriko yamemwathiri mtoto," nilimwambia mke wangu kwa masikitiko, kama mtaalamu.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Siku ya mafuriko alikuwa anaimba mabegani mwako mpaka tunafika shuleni," alisema.

Ilikuwa kweli. Aliimba wimbo wa bata.

Kisha tukaitwa chekechea. Mwalimu wake alikuwa msichana mchangamfu ambaye watoto walimwita madamu. Tulimkuta ofisini na mistari miwili ya kucha shavuni. Alitukaribisha, akasema hana ugomvi, ila anaomba tumsaidie.

Kisa kilikuwa hivi. Siku iliyotangulia mvua ilipiga bati la darasa. Binti yetu alipanda juu ya dawati na kupiga kelele, "Pandeni juu! Wote! Maji!" Watoto wote wakapanda. Mtoto mmoja mnene, mtulivu, alibaki chini akiendelea kula andazi lake. Binti yetu akashuka, akamng'ata mkono ili apande. Madamu alipoingilia kati akapata zile kucha.

"Kusema ukweli, Mwalimu," aliniambia, "mimi mwenyewe nilijikuta nimepanda juu ya kiti. Alivyosema, ungeamini."

Hayo hayakuwa yote. Watoto wengine walikuwa wameanza kuja na madumu. Mzazi mmoja alikuwa amelalamika kwamba mwanawe amemwaga mafuta ya kupikia ya wiki nzima ili apate la kuelea.

Binti yetu alikuwa amesimama pembeni, dumu mgongoni, anatusikiliza. Madamu akamwinamia, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Hebu tuonyeshe. Mvua ikinyesha nyumbani, huwa mnafanyaje?"

Mtoto akatuonyesha.

Alivuta pumzi, akapandisha mabega. Akaenda mlangoni kwa hatua ndefu, akasimama, mkono mmoja kiunoni. Akaenda dirishani. Akarudi mlangoni. Akajipangusa viganja kwenye gauni, mbele na nyuma. Akakohoa kikohozi kidogo kikavu ambacho sikujua ni changu mpaka nilipokisikia kwake. Kisha akatugeukia, uso umekunjamana kama wa mzee, akanyoosha kidole. "Tulieni! Msiongee! Nasikiliza mto."

Mke wangu alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Madamu aliziba mdomo kwa daftari. Nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimeigizwa vizuri kuliko ambavyo mwanafunzi yeyote amewahi kuniigiza, na wamejaribu wengi. Lakini yeye hakucheka. Alibaki ameinua kile kidole, anasikiliza kweli, na niliona midomo yake midogo inatetemeka. Kicheko kikanikauka. Mke wangu naye akanyamaza, akapiga magoti pale sakafuni, akamkumbatia pamoja na dumu lake.

Njiani kurudi nilisema nadhani nina presha.

"Kapime," mke wangu alisema.

Nilikwenda zahanati nikapimwa. Presha haikuwepo. Nilimwomba muuguzi arudie, akarudia, akaniambia ningekuwa na umri wa miaka ishirini angenipeleka jeshini. Nikapima malaria, hakuna. Nikapima typhoid, hakuna. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo. Mtu akiwa na malaria anajulikana ana nini, watu wanamletea machungwa.

Tukaenda kwa mchungaji. Alikuwa mzee mwema, alitupokea sebuleni kwake, akatuwekea mikono vichwani mimi na mtoto, akaanza kuomba. Aliomba vizuri, kwa Kiswahili na Kinyakyusa, akimwita Kyala, yaani Mungu, atuondolee roho ya hofu. Alipofika kwenye kukemea, mvua ikaanza. Alipofumbua macho na kusema amina, mikono yake ilikuwa hewani peke yake. Mimi nilikuwa mlangoni na mtoto alikuwa juu ya kochi lake.

Mchungaji alinitazama, kisha akamtazama mke wangu. "Nitaendelea kuwaombea," alisema. "Lakini pale hospitali ya mjini kuna daktari wa mambo haya. Mpelekeni."

"Tumpeleke nani, baba mchungaji?" niliuliza. "Mtoto?"

Mzee alijifanya hajasikia.

Sasa, kwenda kwa daktari wa afya ya akili katika mji ambao nusu ya wazazi wa wanafunzi wako wanakuja sokoni si jambo dogo. Hospitali nzima ina milango mingi, na mlango ule ulikuwa mwisho kabisa wa korido, kwa hiyo ilibidi upite mbele ya milango mingine yote, na kila aliyekuona akajua unakoishia. Nilivaa kofia. Mke wangu alisema ninaonekana kama mtu anayekwenda kuiba dawa. Tuliketi kwenye benchi, mtoto katikati yetu na dumu lake.

Haikupita muda akaja mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja, mkulima wa kokoa mwenye sauti kubwa. "Mwalimu! Shikamoo! Umeleta mtoto?"

"Marahaba. Ndiyo, nimeleta mtoto," nilisema haraka.

"Hapana," binti yetu akamsahihisha. "Mimi nimemleta baba."

Yule mkulima alinitazama, akatazama mlango, akakaa benchi lile lile kando yangu. Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kuwa anayo, "Mimi huwa nakuja kila mwezi, Mwalimu. Tangu mke wangu afariki. Daktari ni mtu mzuri, utaona."

Daktari alikuwa mwanamume wa makamo aliyeletwa na kazi kutoka Tanga, mwenye maneno machache na meza safi. Aliniuliza usingizi wangu ukoje.

"Si mbaya," nilisema.

"Halali," alisema binti yetu.

"Chakula?"

"Nakula kawaida."

"Anasimama akila."

"Hasira je?"

Nilimtazama mtoto. Mtoto akamtazama daktari. Daktari akaandika bila kusubiri jibu. Kisha akamtafutia penseli za rangi na karatasi, akamkalisha pembeni, akanigeukia.

"Nieleze siku ile ya maji."

Hapo nilikwama. Mke wangu alikuwa ameisimulia siku ile sokoni, kanisani, kwenye misiba na kwenye harusi. Aliisimulia mara nyingi hadi mafuriko yakaanza kukua: wiki za kwanza kulikuwa na chura jikoni, baadaye akawa kenge, na mpaka tunakwenda hospitali mamba wawili walikuwa wameshapita sebuleni. Watu walicheka, naye akacheka, na akalala usingizi. Mimi nilikuwa sijaisimulia hata mara moja.

Nilianza na wali, na usipa, na kandambili. Nikafika nje, maji kifuani. Nikafika mahali palipokuwa na mtaro ambao haukuonekana. Mguu wangu ulizama, nikaenda chini, na mtoto akatoka mabegani. Hakuwa mikononi mwangu. Kwa muda ambao siwezi kuupima sikuwa na kitu mikononi zaidi ya maji. Kisha nikashika kitambaa, nikavuta, akatoka anakohoa. Nikampandisha tena mabegani. Ndipo alipoanza kuimba wimbo wa bata. Mbele yangu mke wangu alikuwa anatembea na sufuria yake, na nilidhani hakugeuka.

Niliona aibu kulia mbele ya mtoto, nikalia.

Mke wangu aliweka mkono kwenye goti langu. "Niligeuka," alisema. "Nilikuona. Ulimshika gauni. Lile la maua." Akanigeukia. "Mbona hukuwahi kusema? Ningekuambia niliona umemshika."

Daktari alituacha tukakaa hivyo. Baadaye alinieleza kwa lugha nyepesi. Alisema mwili ukishtuka sana, wakati mwingine unabaki zamu, kama mlinzi ambaye hakuna aliyekuja kumpokea. Mvua ikigonga bati, mlinzi anadhani ni siku ile ile. Ni ugonjwa, una jina, na unatibika.

"Na mtoto?" niliuliza.

"Mtoto wa umri huu hajui kupima mvua," alisema. "Hatazami mbinguni. Anakutazama wewe. Ukisimama, kwake maji yameshafika. Mwili wake nao unaingia zamu, na mwili ulio zamu hauli, haulali, hauchezi. Na kucheza ndiyo shule yake. Tukikushughulikia wewe, sehemu kubwa ya matibabu yake tumeifanya."

Alinipa vidonge vya kutumia kwa kipindi, na kunifundisha kupumua. Ndiyo, kupumua. Nina shahada, nikafundishwa kupumua: ndani polepole, nje polepole zaidi. Mvua ikinyesha niende kuangalia nje mara moja tu, kisha nikae chini. Nikiogopa, nisijifanye siogopi, kwa sababu mtoto atajua. Nimwambie kwa kifupi, kisha aone nimekaa. Na nirudi kila wiki.

Nilipokuwa natoka nilimwomba aniambie kuhusu dumu. Alisema lisivuliwe kwa nguvu. Litaondoka taratibu, akijisikia salama.

Mvua ya kwanza baada ya hapo ilikuja siku ya Jumamosi mchana. Nilitoka, nikaangalia, nikarudi, nikakaa kwenye kigoda sebuleni. Kukaa kule kulikuwa kazi ngumu kuliko kulima. Magoti yalikuwa yanaruka. Nilishika kisu na ndizi nikaanza kumenya, ili mikono ipate shughuli. Binti yetu alisimama mbele yangu, uso wake karibu kabisa na wangu, ananikagua kama anayenunua ng'ombe.

"Baba, hujasimama."

"Sijasimama."

"Unaogopa?"

"Naogopa kidogo. Lakini nimeangalia, maji hayapo. Kwa hiyo namenya ndizi."

Aliwaza. Kisha akaenda mlangoni, akaangalia, akarudi akakaa miguuni pangu. Mvua iliendelea, nami niliendelea kumenya. Ilipokatika, nyumba ilikuwa na ndizi zilizomenywa za kutosha harusi. Tulizila siku zile asubuhi, mchana na jioni, na mke wangu alizipeleka hata kwa mjumbe, ambaye alizipokea akiwa mlangoni na kukataa kuingia ndani.

Haikuwa safari iliyonyooka. Kulikuwa na siku nilizorudi kule kule, nikasimama, nikapaza sauti, naye usiku ule akakojoa kitandani. Asubuhi nilimwambia, "Jana baba aliogopa sana. Wewe hukukosea kitu." Sikuwahi kuambiwa maneno kama hayo utotoni na sikujua yanatamkwaje, kwa hiyo mara ya kwanza niliyasema kama tangazo la mkutano wa wazazi. Aliyapokea hivyo hivyo.

Kidogo kidogo matofali ya kitanda yalipungua. Gunia lilishuka. Mtoto akarudi kuoga, kwanza akisimama nje ya beseni akijimwagia mwenyewe, kisha mguu mmoja, kisha wote. Alianza tena kutusimulia habari za chekechea, ndefu, zisizo na mwisho. Alimwomba radhi yule mtoto wa andazi, wakawa marafiki, kwa sababu yule alikuwa mtu asiye na kinyongo na mwenye maandazi. Lakini dumu lilibaki mgongoni. Tukasubiri aliache mwenyewe taratibu, kama daktari alivyosema.

Mama mkwe hakuwa amezungumza na daktari. Alikuja kutoka Ikolo kututembelea, na mawese aliyokuwa amewaahidi wenzake wa kanisani, akakuta chombo chake kimeanza kuvuja. Tulikuwa kazini. Aliangaza macho nyumba nzima, akaona dumu zuri la njano mgongoni kwa mjukuu. Akalifungua, akalisuuza, akamimina mawese, akakaza kifuniko.

Tuliporudi na kulikuta limekaa mezani, limejaa, jekundu, niliweka mkoba chini. "Mama," nilisema, "mtoto amesemaje?"

"Amelia, Mkwe. Nimemwambia lia, nitakusubiri. Amelia, akamaliza. Kisha amelinyanyua hivi, akasema, 'Bibi, sasa hili litazama.' Nikamwambia ndiyo, sasa ni la kupikia. Yuko nje."

Tulichungulia. Alikuwa uani, mgongo mtupu, anafukuzana na mtoto wa jirani kuzunguka mgomba. Mama mkwe aliniuliza tulichokuwa tunashangaa. Mke wangu akamshukuru, "Ndaga fijo, mama," akaenda jikoni haraka ili mama yake asimwone anavyofuta macho. Wiki iliyofuata nilimweleza daktari. Alifikiri, akasema huenda mtoto alikuwa tayari, na akaongeza kwamba hiyo si njia anayoweza kuipendekeza kwa wagonjwa wengine.

Msimu wa kiangazi tulikwenda mpaka Lyulilo, kule ufukweni karibu na Matema, kwa sababu mke wangu alitaka vyungu. Wanawake wa Kikisi walikuwa wanavishusha kutoka kwenye mitumbwi na kuvipanga mchangani. Ziwa lilikuwa limetulia, milima ya Livingstone imelisimamia kando. Nilikuwa na hofu, nikamwambia binti yetu nina hofu kidogo. Yeye alisimama ananishika suruali.

"Hili linaenda wapi?" aliuliza.

"Haliendi popote. Ni ziwa. Linakaa hapa hapa."

"Halitoki kwenda nyumbani kwa watu?"

Kama mwalimu wa jiografia nilikuwa na mengi ya kusema juu ya hilo. Kama baba nilisema, "Leo halitoki."

Alivua kandambili, akaingiza kidole kimoja cha mguu. Kisha mguu. Kisha akanivuta mkono, nami nikaingia na viatu, kwa sababu nilijua nikiinama kufungua kamba atabadili mawazo, au nitabadili mimi. Tulisimama pale maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu yake na viatu vyangu vimejaa mchanga. Nilipumua ndani polepole, nje polepole zaidi. Nilimsikia kando yangu naye anapumua vilevile, kwa kelele, mashavu yamevimba. Mke wangu alitupigia kelele kutoka kwenye vyungu kwamba nguo hizo atazifua nani.

Sasa yuko darasa la kwanza. Bado naenda kwa daktari, ingawa si kila wiki, na yule mkulima wa kokoa hunishikia nafasi kwenye benchi. Mvua ikinyesha naangalia mara moja. Zikiwa mvua za masika, mara mbili. Binti yetu wala haangalii. Huendelea na kazi ya shule na kunilaumu kwamba nimemzibia mwanga dirishani.

Anachoogopa siku hizi ni bata mzinga wa jirani. Akimsikia tu, anarudi ndani mbio na kufunga mlango. Mke wangu aliniambia niulize hospitali kama ni dalili ya kitu. Daktari aliniuliza kama kuna mtu mwingine nyumbani anayemwogopa ndege huyo. Nilirudi nikamfikishia swali mke wangu vilevile lilivyo.

"Mimi simwogopi," alisema. "Ila yule bata ana roho mbaya. Hilo hata wewe unalijua."

Jana jioni alikuja tena mpaka barazani, akafungua mkia. Walikuwa dirishani wote wawili, mama na mwana, pua zimebanwa kwenye nondo, wananiambia nitoke. Nilichukua ufagio, nikatoka.

"Baba, unaogopa?" aliuliza nyuma yangu.

"Kidogo," nilisema, na bata mzinga akanifuata mpaka kwenye mgomba.